Yale Wasichana Waliyoniuliza Wakishona Kofia

Saa moja kasorobo asubuhi, siku ya Jumapili, ambayo hapa Maskati ndiyo mwanzo wa wiki ya shule, naibu mkuu wa shule alinikabidhi mkasi mdogo akanitaka nipite kwenye safu za wasichana kukagua kucha. Nilikuwa nimeajiriwa kutunza maktaba. Kucha hazikuwamo katika mkataba, lakini siku ya kwanza mtu habishani.

Katika safu ya tatu msichana mmoja mrefu alininyooshea mikono. Kucha zake zilikwishakatwa mpaka kwenye nyama. Alinisikia dakika chache kabla nikizungumza Kiswahili na mwalimu mwenzangu, naye akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu, ili walio mbele na nyuma yake wasijue:

"Ustadha, mtu anaweza kuzaliwa kimakosa?"

Nikamwambia aje maktaba wakati wa mapumziko. Akaja, akafafanua. Ndani ya nafsi yake hajijui kuwa msichana, hajawahi, na kila asubuhi akivaa sare huona kama amevaa nguo za mtu mwingine. Mimi nilikuwa na cheti cha sekondari na kozi ya miezi michache ya kupanga vitabu. Nikamjibu lile nililokuwa na hakika nalo: "Sijui. Lakini kimakosa hukuzaliwa. Nitasoma. Njoo Jumatano."

Ninawaandikia ninyi mnaochukua chumba changu, na kazi yangu yote ilikuwa ndiyo hiyo: kusema sijui, kusoma, kisha kuwapo Jumatano. Vyeo na mishahara navipita. Vilikuja kwa kuchelewa na vikaondoka kwa kasi.

Aliyenitoa maktaba ni Ustadha Ihsan, Msudani, mshauri wa jamii wa shule yetu kabla yangu. Aliona wasichana wanakuja kwangu na kuondoka bila kitabu, akanifuata kuuliza nawapa nini. Nikamwambia nawasikiliza. Akasema, "Basi hiyo kazi ina chumba chake, twende nikuoneshe."

Chumba kilikuwa pembeni mwa mkahawa wa shule na kilinukia mafuta ya sambusa mwaka mzima. Kulikuwa na meza na viti viwili, na kiti cha mgeni kilikaa ubavuni mwa kiti chake, kamwe si mbele yake. "Ukikaa mbele ya mtoto," aliniambia, "wewe ni polisi. Ukikaa ubavuni mwake, nyote wawili mnatazama ukuta, na ukuta haujawahi kumkaripia mtu." Mpaka leo nikiingia ofisi yoyote natazama kwanza viti vimekaaje, na mara nyingi najua kabla sijasalimia kama nitasaidiwa.

Ihsan alinipa kanuni nyingine, na nadhani hiyo ndiyo iliyonilisha miaka yote: mtoto usimpe jina ambalo hajaliomba. Msichana akija kukwambia anampenda rafiki yake wa kike, usimwambie "basi wewe ni kadha". Huenda ndivyo, huenda sivyo, na huenda bado. Mwekee maneno mezani, yawe safi, umweleze kila moja maana yake. Atakalolichukua ni lake. Akiyaacha yote mezani akaondoka, hukupata hasara, maneno hayaozi.

Tatizo lilikuwa kuyapata hayo maneno safi. Ya mitaani, ya Kiarabu na ya Kiswahili, karibu yote ni matusi. Nilianza kusoma usiku, nikishamaliza kupika, kamusi tatu ubavuni. Nilisoma saikolojia ya vijana nikielewa nusu, nikirudia, nikielewa nusu ya nusu iliyobaki. Kitu kilichonisaidia kuliko vyote nilikipata mahali nisipopatarajia, katika rafu ya fiqhi ya maktaba yetu wenyewe.

Ilikuwa hivi. Msichana wa darasa la kumi aliletwa na mama yake kwa kuwa hajaona siku zake, na hospitali walipompima waliona kwamba mwili wake haukuumbwa kama ulivyodhaniwa alipozaliwa. Mama alikuwa analia kwamba jambo hili halijapata kutokea duniani. Nikaenda rafuni, nikashusha kitabu cha zamani, nikamwonesha mlango mzima juu ya khuntha, mtu ambaye mwili wake haukubainika ni wa kiume au wa kike. Wanazuoni wa kale wamemjadili bila kupiga kelele: anasali wapi, anarithi vipi, anaoshwa na nani akifa. Mama akasoma, akafunga kitabu, akaniuliza, "Kumbe walikuwepo?" Nikamwambia walikuwepo kiasi cha kuhitaji mlango wao. Akafuta machozi. Kwa daktari waliendelea kwenda, na msichana akaulizwa yeye mwenyewe anataka nini, jambo ambalo mpaka hapo hakuna aliyekuwa amelikumbuka.

Baada ya hapo nikaanza kuchora ubaoni mistari minne. Wa kwanza mwili, ulivyoumbwa. Wa pili nafsi, yaani mtu anavyojijua ndani kuwa ni mwanamke, ni mwanamume, au hakuna linalomkaa sawasawa. Wa tatu moyo, unaelekea kwa nani: wapo wanawake ambao moyo wao huelekea kwa wanawake, wapo wanaume kwa wanaume, wapo wa kote kuwili, na wapo wasioelekea kokote wakaishi vizuri na paka wao. Wa nne ni unavyoonekana: nywele, nguo, mwendo, sauti. Halafu nilichora nukta kwenye kila mstari, huku na huku, kuwaonesha kwamba nukta ya mstari mmoja haiwezi kukwambia ya mwingine iko wapi. Msichana mwenye nywele fupi huenda ni msichana mwenye nywele fupi tu. Sikujua wakati ule kwamba wenye elimu zao wana michoro inayofanana. Nilipoiona baadaye nilifurahi, na pia nilikasirika kidogo kwa usiku niliopoteza.

Kila mara mmoja angeuliza, "Ustadha, si haramu?" Nikawajibu kwamba hukumu za matendo wakaulize wanaozijua, mimi si mufti. Mimi nashughulika na kile mtu anachokihisi bila kukiomba, na namna ya kutomdhulumu mwenzako kwacho. Dhulma ni haramu, na hilo halihitaji mwanachuoni. Niliwaambia pia wazi sheria ya nchi ilivyo, kwa sababu mtoto asiyeijua hujiingiza hatarini kwa picha moja ya simu. Ninyi mnaonifuata msiliruke hili kwa huruma. Huruma isiyoonya ni uvivu.

Lakini mengi hayakusemwa mbele ya ubao. Shule ilitaka shughuli ya urithi kila Jumanne, nami nikachagua kushona kofia za viua, hizi tunazodarizi kwa mkono na wanaume wetu wakazivaa kazini na msikitini. Nilichagua kwa sababu moja tu: anayeshona viua lazima ainamishe kichwa, na watoto kumi walioinamisha vichwa husema mambo ambayo hawangeyasema wakitazamana. Kaeni nao mkishona, msiulize kitu. Kufikia safu ya pili ya vitobo, mtu atasema.

Huko ndiko nilikomjua msichana nitakayemwita Raya. Alikuwa darasa la kumi na moja, amekata nywele mwenyewe kwa mkasi wa jikoni, na mkono wake katika kushona ulikuwa mbaya kuliko mikono yote niliyopata kuiona.

"Hii kofia ya nani?" mwenzake alimuuliza siku moja. "Imekaa kama sufuria."

"Yangu."

"Yako wapi? Wewe shona ya mumeo."

"Mume gani? Wewe mwenyewe wa kwako anakujua? Maana kila siku unamshonea, wala kichwa chake hujakipima."

Wakacheka. Mmoja akatupa neno bila kuinua macho: "Mwacheni huyo, boya." Ndilo neno wanalotumia mashuleni kwetu kumtaja msichana mwenye mwenendo wa kivulana, na si la kumsifu. Raya akavuta uzi. "Boya ndiye kakusaidia hesabu jana," akasema. "Rudisha basi, ukakosee mwenyewe." Kicheko kikamgeukia yule mwingine, akaomba radhi kwa kumpa sindano nzuri zaidi. Nilishukuru Mungu kwamba sikuingilia.

Raya alianza kuja chumbani, akikaa ubavuni mwangu tukitazama ukuta. Alikuwa na maswali juu ya mstari wa pili na wa tatu. Kuhusu wa tatu alikuwa na hakika: alikuwa anampenda msichana mmoja wa mtaani kwao, bila hata kumwambia. Wa pili bado. "Siku nyingine najiona msichana, siku nyingine sijioni kitu," alisema. Nikamwambia hakuna mtihani wa hilo, wala tarehe ya mwisho. Akasema hilo ndilo jambo pekee shuleni lisilokuwa na tarehe ya mwisho.

Kisha asubuhi moja ya Jumatatu mama yake, Bi Asila, akaja ofisini bila kupiga simu. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Bi Thureya, nnataka karatasi ya uhamisho. Raya anakwenda Pemba Alkhamisi."

"Katikati ya mwaka? Kuna msiba?"

"Kutibiwa." Akashusha sauti. "Ana jini dume. Kamwambia binti wa dadangu kwamba mwanamume hamtaki, hamtaki maisha, na kwamba kuna msichana... Astaghfirullah. Yule si mwanangu anayesema, Bi Thureya. Ni huyo jini."

"Na akishatibiwa?"

"Yupo mtoto wa ami yake, Chake Chake. Kijana mtulivu, ana duka la vyombo. Baba yake Raya keshakata tiketi."

Ya kwenda tu? nikauliza. Ya kwenda tu.

Nataka mwelewe nilikuwa na nini mkononi. Mzazi ni mzazi, na akitaka kumtoa mtoto shuleni, mshauri hana la kumzuia. Ningelipeleka kwa mudira, mkuu wa shule, lingekuwa jambo la ofisi, na jambo kama hili likishaingia ofisini halitoki likiwa zima. Ningemkabili Bi Asila kwa vitabu vyangu angesimama akaondoka. Nikamwomba anipe mpaka kesho kutayarisha karatasi, na alipoondoka nikamwita Raya.

Alikwishajua. "Ustadha, nikipanda ndege ile sirudi," alisema. Hakuwa analia, na hilo lilinitisha zaidi. "Sirudi shule, sirudi hapa, na mimi mwenyewe sitarudi."

Nikamuuliza moja kwa moja kama anafikiria kujiumiza. Ulizeni hivyo hivyo, kwa maneno hayo, swali halimpi mtoto wazo. Akasema ameliwaza, hajalipanga. Akanipa ahadi kwamba likirudi atanipigia wakati wowote, nami nikampa namba yangu. Kisha nikauliza nyumbani anamwamini nani.

"Somo."

"Anajua habari hizi?"

"Hajui habari. Ananijua mimi."

Kwa wasomaji wasiotoka katika familia zetu zilizorudi kutoka Unguja na Pemba: msichana akivunja ungo hukabidhiwa kwa mwanamke asiyekuwa mama yake, ambaye ndiye somo wake. Humfundisha kujitahirisha, mwili, staha, na baadaye mambo ya ndoa, na siku ya harusi husimama naye. Yanayosemwa kati yao ni amana. Tulipokuja Maskati tuliacha mengi nyuma, lakini hili tulilibeba. Nawajua watu waliosahau kupika boko boko ambao hawathubutu kuoza binti bila kumwita somo wake.

Nikamwomba Raya ruhusa ya kumtaja huyo somo kwa mama yake. Bila ruhusa yake nisingemtaja. Akatikisa kichwa kukubali. Jioni nikampigia Bi Asila na kumuuliza jambo moja.

"Somo wake kaambiwa?"

Nilisikia runinga yao.

"Ilikuwa haraka," akasema.

"Bi Asila, mnamtoa mwari wa mtu mkamwoze ng'ambo, mwenyewe hana habari? Aje asikie habari za harusi kwa watu?"

"Zuwena atanisuta mimi."

"Atakusuta chumbani kwako, au atakusuta mbele ya mtaa mzima wa Ansab. Chagua."

Hivyo Jumatano, baada ya alasiri, tukakutana nyumbani kwao Ansab. Baba, Bwana Nassor, alikuja moja kwa moja kutoka kiwandani Rusayl anakotengeneza mitambo, bado na viatu vya kazi mkononi. Bi Zuwena, somo, alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mchora hina wa maharusi, vidole vimeiva rangi ya chungwa. Alihadithiwa yote na Bi Asila bila kukatiza, huku akila vileja. Hadithi ilipokwisha akapangusa mikono.

"Jini gani huyo?"

"Jini dume, Zuwena."

"Nimeshakaa na wenye majini mimi, shoga yangu. Wanalala mchana, wanataka marashi, hawashiki kitabu. Jini gani anapata tisini ya fizikia?"

Bwana Nassor akakohoa. Nafikiri alikuwa anazuia kicheko, na alichukia kwamba alikuwa anakizuia.

"Bi Zuwena, hili si la mzaha," akasema. "Watu watasema nini?"

"Watu walisema nini ulipomwoa Asila? Waliyasema yote, na wali wakala." Akamgeukia Raya, aliyekuwa mlangoni. "Mwari wangu, njoo hapa. Kaa." Raya akakaa karibu na goti lake. "Hili unalolisema ni lako, au mtu kakutia maneno?"

"Langu, somo."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujanifundisha kukoga."

Bi Zuwena akamtazama usoni. Nilimwona hakulifurahia jibu. Hata hivyo alisema, "Basi nilikabidhiwa wewe ukiwa hivyo, na hivyo ndivyo nilivyokupokea. Sikabidhi mtu mwingine anitengenezee."

Bwana Nassor akanigeukia mimi. Ni fundi, na aliuliza kifundi: "Ustadha, inarekebishika?"

Nikamwambia ukweli kama nilivyousoma na kuuona. Kumlazimisha mtoto moyo wake uelekee kwingine hakuugeuzi. Kunamfunza kuficha, na wengine wanajificha mpaka wanajimaliza. Nikamwambia binti yake amekwishaliwaza hilo, jambo ambalo Raya alikuwa ameniruhusu kulisema kama italazimu. Bi Asila akaweka mkono kinywani.

"Akibaki hivi ataishi vipi?" akauliza baba.

"Kwa tahadhari, na kwa shida. Shida ya nje hamwezi kumwondolea. Ya ndani ya nyumba hii mnaiweza."

Raya akasema, akitazama zulia, "Baba, sikuombi unielewe leo. Nnaomba nimalize shule."

Bwana Nassor akainuka akatoka uani. Tulimwona kupitia dirishani amesimama, amevaa kiatu kimoja. Aliporudi alibaki mlangoni.

"Tiketi hairudishi pesa," akasema.

"Basi panda wewe," akasema Bi Zuwena. "Ukatolewe jini la haraka."

"Imeandikwa jina lake."

"Basi iache ndege iende na kiti kitupu. Kitapumzika."

Safari hii alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka, kisha akamwambia Raya, "Kalale. Kesho una shule." Kesho yake ilikuwa Alkhamisi.

Bi Asila hakukubali siku ile, na sitaki mdhani alikubali. Mwaka mzima aliendelea kufukiza ubani katika chumba cha Raya kila Ijumaa. Nilimuuliza Raya anaonaje. Akasema chumba kinanukia vizuri na mama yake siku hizi anaketi kitandani kusubiri ubani uishe, na wakati wa kusubiri wanazungumza. Nimesoma vitabu vingi juu ya kuwasogeza wazazi karibu na watoto. Hakuna hata kimoja kilichotaja ubani.

Si kila mmoja wa wasichana wangu alikuwa na somo kama Bi Zuwena. Wapo niliowapoteza katika ndoa za haraka na katika kimya, na ninawaombea kwa majina yao. Lakini nikiyapima yote, ninaondoka na shukrani: kwa Ihsan na viti vyake, kwa wasichana walioniamini kabla sijastahili, na kwa mila ambayo sikuitunga mimi, iliyokuwa tayari imempa mtoto mtu mzima mmoja wa kumwambia.

Wiki yangu ya mwisho kazini Bwana Nassor alinijia na bakuli la halwa. Raya yuko chuoni mwaka wa pili, anasoma uhandisi, na jina alilojichagulia miongoni mwa yale niliyomwekea mezani nalijua. Si langu kulitaja. Baba yake alikunywa kahawa vikombe viwili akinieleza jinsi Raya anavyomsahihishia hesabu za kazini kwa simu. Nikamuuliza, kwa kuwa napenda kujua mambo yameishia wapi, kama shirika la ndege liliwahi kumrudishia chochote kwa ile tiketi.

"Hata baisa moja," akasema. "Niliwaandikia mara mbili." Akatikisa kikombe kuashiria kwamba kinamtosha, akanihesabia kiasi chenyewe polepole, kama mtu anayetaja umri wa mwanawe: "Riali mia na kumi na nane na nusu. Zimepotea zote, alhamdulillahi."